Mchezo wa Mama Vifungo

Tangu akiwa mtoto wa kubebwa walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yake, na jina likamganda hata alipokuwa mtu mzima mwenye kiti na meza yake katika ofisi ya watengenezaji wa programu. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za maduka: muuzaji anabonyeza, bidhaa inapungua kwenye hesabu ya ghala, risiti inatoka. Ni kazi ya kukaa kutwa na kukodoa macho, lakini Kitinda aliipenda kwa sababu kompyuta haina kinyongo. Ukiiambia ovyo inakataa, ukiiambia sawasawa inatii, na mambo yanaishia hapo.

Aliishi na mama yake katika nyumba aliyozaliwa. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya baba yake, fundi cherehani, Mungu amrehemu. Baba alikata na kushona. Mama alitoboa matundu na kutia vifungo, na kwa kuwa kifungo alichokitia yeye kilidumu kuliko nguo yenyewe, wateja wakamwita Mama Vifungo. Nguo iliyoletwa kutengenezwa ikashindikana, mwenyewe akaitelekeza, mama aliikata vifungo kabla haijawa tambara la kupangusia mashine. Vifungo vikaingia kwenye kopo la biskuti. Likijaa moja, linatafutwa jingine.

Humo kwenye makopo ndimo ulimozaliwa mchezo. Mvua zilikuwa zimewafungia ndani, wateja hawaji, na watoto watatu wanadonoana kama kuku waliotiwa tenga moja. Baba akashusha kopo, akawaketisha mkekani, akamwambia kila mmoja atumbukize mkono bila kuangalia. Ukitoa kifungo unakiinua juu na kuuliza, "Nguo ya nani?" Wenzako wanaitikia, "Mvishe tumwone." Hapo sasa unamsimulia mwenye nguo: alikuwa nani, aliingiaje karakanani, nguo ilichanikia wapi, kwa nini hakuirudia. Unaweza kusema kweli tupu, unaweza kupiga chuku mpaka paa litikisike. Ukimaliza, wenzako wanaamua: kweli au uongo. Ukiwadanganya wakakubali, kifungo chako. Wakikunasa, kinarudi koponi.

Dada Mkubwa hakuwa na uso wa kudanganyia. Alianza kucheka kabla mtu wake wa uongo hajamaliza kuvaa suruali. Kaka, aliyekuja kuwa dereva wa malori, alidanganya kwa viapo, na kila alipoapa wote walijua. Mwenye mchezo wake alikuwa mama. Aliusimulia ukweli kwa kusitasita ili wamdhanie mwongo, na uongo akautoa taratibu, huku anatunga uzi, uso umetulia kama maji mtungini. Wakimbana awaambie lipi ni lipi, alijibu, "Nikiwaambia, mtakuwa mmecheza nini?"

"Mama yenu angekuwa mwizi," baba alikuwa akisema, "tungekuwa matajiri na polisi wangekuja kutusalimia tu."

Baba alipofariki, familia ilitawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Dada Mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa mbali. Kaka alilala zaidi kwenye lori kuliko kitandani. Walikutana kwa nadra, na walipokutana walicheza. Siku moja wakiagana, Kaka akiwa ameshakaa kwenye usukani, alimwambia Kitinda dirishani:

"We si mtu wa kompyuta? Tutilie huu mchezo kwenye simu. Mimi huko njiani naongea na breki."

Alisema kwa mzaha, lakini Kitinda alikwenda nalo neno lile ofisini, akarudi nalo nyumbani, na mwisho akaketi akaanza kazi.

Kazi ilikuwa ngumu pale alipoidhania rahisi. Kupiga picha vifungo ilikuwa raha: walivimwaga juu ya shuka jeupe, mama akivipanga kwa rangi, Kitinda akipiga kimoja kimoja. Kurekodi sauti na kuirusha kwa wengine, hilo alilijua. Kilichomshinda ni kanuni.

"Mama, mtu akisema nusu kweli nusu uongo, inahesabiwa nini?"

"Inahesabiwa mazungumzo."

"Programu haijui mazungumzo, Mama. Inajua ndiyo na hapana."

"Maskini," mama alisema. "Basi ifundishe."

Aliwapigia simu ndugu zake. Dada Mkubwa alisema kanuni ni kwamba kweli lazima iwe kweli yote. Kaka akasema hapana, baba aliruhusu chumvi kidogo, la sivyo yeye asingeshinda maisha yake yote. Wakabishana mpaka wakakasirikiana kidogo, kisha wakacheka. Kitinda akakata shauri mwenyewe. Msimuliaji atapewa picha ya kifungo, atarekodi hadithi yake, na kabla ya kuirusha atabonyeza kwa siri kitufe kimojawapo: Kweli au Uongo. Wenzake watasikiliza na kupiga kura. Kura mbili zikitimia, simu itaonyesha kile alichokibonyeza msimuliaji. Mkekani haikuwa hivyo. Mkekani mtu aliulizwa, na pengine alikataa kujibu akabaki anatabasamu. Lakini programu lazima iwe na jibu mahali fulani, na Kitinda alijivunia jinsi alivyolipatia mahali.

Mwanzo ule ulikuwa mtamu. Kaka alirekodi kutoka barabarani, honi za wenzake nyuma yake: "Jamani, mimi nimepewa kifungo cha maisha, nani atanitoa?" Dada Mkubwa alirekodi wakati wa mapumziko ya shule, na walimcheka kwa kuwa hata bila uso wake walimsikia akijizuia kucheka. Mama alijifunza haraka. Aliketi kwenye kigoda karibu na dirisha, simu mkononi, miwani kwenye ncha ya pua, akasimulia kama aliyewaona wote wameketi mbele yake. Nyumba iliyokuwa imenyamaza ikarudiwa na sauti.

Mkuu wa ofisi, mwanamume mwenye sauti ya upole asiyesahau alichokitaka, alimkuta Kitinda akicheka peke yake mezani. Akaomba asikilizishwe. Akasikiliza hadithi ya Kaka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Huu mchezo si wa familia yako tu," alisema. "Kila nyumba ina waongo wake. Uurembe kidogo, tutautoa kwa watu."

Kisha lilikuja gauni la bibi harusi.

Hilo lilikuwa uongo mkongwe wa mama, uongo ulioheshimika pale nyumbani: bibi harusi aliyekuja kupunguziwa kiuno, akatorokea mlango wa nyuma na mpiga picha, gauni likabaki juu ya meza. Mama alikuwa ameshakiri miaka mingi nyuma kuwa hapajawahi kuwa na bibi harusi wala mpiga picha. Sasa aliusimulia tena simuni, Kaka na Dada Mkubwa wakapiga kura ya Uongo kwa furaha ya kukutana na jambo la zamani, na simu ikaandika: KWELI.

"Kitinda," Kaka alirekodi, "mashine yako imelewa."

Kitinda akalichukulia kama kosa la kazi. Aliipitia programu mstari kwa mstari. Akajirekodi, akabonyeza Uongo, ikatoka Uongo. Akabonyeza Kweli, ikatoka Kweli. Akasema labda vitufe vimekaribiana na vidole vya mama vimekakamaa kwa sindano. Akavitenganisha, kimoja juu, kingine chini. Akavikuza. Akakipa cha Kweli rangi ya kijani na cha Uongo nyekundu. Mwishowe akaongeza swali, "Una hakika?" Mama akawa anabonyeza, anaulizwa, anathibitisha, na majibu yanazidi kwenda kombo. Mwenye shati la shule alikuwa yeye mwenyewe, akisoma katika shule ambayo ilijengwa yeye akiwa ameshaolewa. Kweli. Mwenye kifungo cha bati alikuwa askari aliyekuja jana. Kweli.

Asubuhi moja Kitinda hakwenda kazini mapema. Alikaa kitandani kwa mama yake akamtazama akicheza. Picha ilikuwa ya kifungo cheusi kikubwa.

"Nguo ya nani?" mama aliiuliza simu. "Hiki cha koti la baba yenu. Leo kalivaa, kuna baridi. Kaenda kuchukua uzi, nimemwambia akirudi apitie mkate." Kidole gumba kikashuka juu ya kile kitufe cha kijani bila kusita. Una hakika? Kikashuka tena.

"Mama," Kitinda alisema, "Baba hayupo."

Mama akamwangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyesema neno baya mbele ya wageni.

"Si ndiyo nimesema? Kaenda kuchukua uzi."

Kosa alilolisaka kwa majuma mazima halikuwamo kwenye programu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, hakuwa na haraka. Alimuuliza mama maswali madogo, akamchoresha saa, akamtaka akumbuke maneno aliyompa mwanzo. Mama alimjibu kwa adabu zote, akamsifia kola ya koti lake, na hakukumbuka hata neno moja. Walipobaki wawili daktari alimwambia Kitinda:

"Hapotezi vyote kwa mkupuo. Kwanza vinachanganyika. Alichokiona na alichokiwaza vinakaa chumba kimoja, na yeye hana tena wa kumwambia kipi ni kipi. Usimbishie sana, utamtia hofu tu. Una ndugu?"

"Ninao."

"Waambie mapema."

Kitinda aliitikia kwa kichwa. Hakuwaambia. Si kwamba alikusudia kuficha. Kila siku alijiambia kesho. Alimtazama mama akiingia jikoni na kusahau alichokifuata, akimwita kwa jina la marehemu shangazi, akilia kwa kukosa miwani iliyokuwa usoni pake. Kisha simu inalia, kifungo kinatokea, na mama ananyooka mgongo, sauti inakaza, anakuwa Mama Vifungo. Ukiwaambia wale wawili, alijiambia Kitinda, wataacha kumcheka, wataanza kumhurumia, na mchezo utakufa. Huo mchezo ndio uzi pekee uliobaki.

Kwa hiyo akafanya jambo ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa programu. Mama akituma hadithi, Kitinda aliisikiliza, akapima, na kabla kura za ndugu zake hazijatimia akaingia kwa nyuma na kulibadilisha jibu. Bibi harusi mwingine akawa Uongo. Askari mwingine akawa Uongo. Mteja aliyekuwapo kweli akaachwa Kweli. Hakukuwa na taabu, kwa sababu Kaka alipiga kura kwa kuchelewa, akisubiri asimamishe lori. Kaka akafurahi: "Naona mashine imelevuka." Dada Mkubwa akasema mama karudi kwenye ubora wake.

Siku mambo yalipofumuka ilikuwa ya kazi, jua la mchana. Mkuu wa ofisi alikuwa amewaita kikaoni kuamua mchezo utolewe lini kwa watu. Simu zilizimwa. Kitinda alisimama mbele ya ukuta mweupe akieleza jinsi msimuliaji anavyobonyeza, jinsi kura zinavyotimia, jinsi jibu linavyofunguka lenyewe bila mtu kuligusa. Wakamsifu. Mmoja akauliza kama kuna njia ya mtu kulichezea jibu. Kitinda akasema hakuna.

Alipotoka na kuwasha simu, kura zilikuwa zimeshatimia. Kaka alikuwa kwenye foleni ya kupakia mizigo, hana la kufanya. Dada Mkubwa alikuwa kwenye mapumziko. Wote walikuwa wamejibu Uongo, na chini yake simu ilikuwa imeandika kwa herufi kubwa: KWELI.

Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wa ujia, watu wakimpita na vikombe vyao vya chai.

"Nguo ya nani?" Sauti ya mama ilikuwa shwari. "Hiki kidogo cha kijani ni cha gauni la mtoto. Mama yake alikuja kushonewa, mgeni, hatumjui. Akaniambia, dada, nishikie mtoto kidogo nikanunue sabuni. Nikamshika. Jua likazama. Fundi akasema tungoje, tukangoja. Mtoto akalala na gauni lake. Kesho yake nikamwogesha, gauni limechanika kwapani, nikakikata kifungo nikakiweka, mama yake akija aone sikumwibia mtoto nguo. Hakuja. Basi ndiye huyu mwalimu wangu. Hajui, na msimwambie."

Kabla Kitinda hajajua afanye nini, simu ikaita. Dada Mkubwa. Nyuma yake watoto wa shule walikuwa wakipiga kelele uwanjani.

"Kitinda, mashine imelewa tena?"

"Dada, ngoja nikueleze."

"Nieleze. Imelewa au haijalewa?"

"Mama anaumwa. Ni kumbukumbu. Anachanganya mambo, daktari kasema. Anabonyeza Kweli kwa kila kitu."

Dada Mkubwa akasema polepole, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha: "Si kwa kila kitu. Majuzi kabonyeza Uongo. Na juzi yake."

"Hizo nilizibadilisha mimi."

"Kwa hiyo ulijua anaumwa."

"Nilijua."

"Na mimi nilikuwa nacheza na wewe, nikidhani nacheza na mama." Kengele ya shule ikalia kule kwake. "Nina kipindi," akasema, akakata.

Alifika Jumamosi, na begi dogo. Mama alimpokea mlangoni kwa furaha, akamshika mashavu kwa viganja viwili, akamwita mwalimu wangu. Dada Mkubwa alimwamkia, akaketi mbele yake kwenye benchi la wateja, akaweka simu juu ya meza ya kukatia na kumsikilizisha sauti yake mwenyewe. Kitinda alisimama kando ya cherehani, hajui mikono aiweke wapi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Huyu mama anajua kusimulia," alisema.

"Ni wewe, Mama. Ni kweli au uongo?"

Mama akatabasamu. Uso ukatulia, ule uso wa mkekani, usiosomeka. "Nikikwambia, utakuwa umecheza nini?"

Dada Mkubwa akainama, akafunika macho. Kitinda alidhani anacheka, kwa jinsi mabega yalivyotikisika.

Akamuuliza tena kesho yake asubuhi, kwa upole, akimkunjia nguo. Safari hii mama aliingiwa na woga, akamshika mkono: "Mama yako kaja kukuchukua? Mwambie bado hujala." Alasiri alipoulizwa tena alikasirika. "Nimekuzaa mwenyewe, mvua inanyesha, fundi kakata kitovu kwa mkasi wa kazi." Lakini habari ya mvua na mkasi ilikuwa ya kuzaliwa Kaka, nyumba nzima iliijua. Kila alipoulizwa akajibu, na kila jibu lilikuwa kweli kwake wakati anapolisema.

Hapakuwa na wa kuulizwa mwingine. Baba alikuwa kaburini. Shangazi vilevile. Majirani wa enzi zile walikuwa wamehama au wamekwenda wasikorudi. Cheti cha kuzaliwa kilikuwapo, kina jina la baba na la mama, lakini kilichukuliwa Dada alipotakiwa kuanza shule, kama vya watoto wengi. Kaka alipiga simu kutoka njiani.

"Mkapime damu yaishe," alisema. "Huyo ni mgonjwa, Dada. Juzi kaniambia mimi ni mdogo wake."

"Sipimi," Dada Mkubwa alisema.

"Kwa nini?"

"Nikipima nikaambiwa si wake, nimepoteza mama naye bado anapumua. Nikiambiwa ni wake, nitamtazamaje, nami nimemtoboa mkono kwa kumshuku? Acha."

Jioni hiyo, jua halijazama bado, ndugu wawili wakabaki karakanani. Kitinda alikuwa amejiandaa kwa matusi. Angeyapokea kama dawa. Dada yake hakumtukana.

"Unajua kilichoniuma?" alisema, akichezea mkasi uliokuwa mezani, akiufungua na kuufumba. "Ungeniambia mapema kuwa anaumwa, ningeisikia ile hadithi kama maneno ya mgonjwa. Ningelia, ningepangusa, ningemsamehe. Lakini siku ile niliisikia kama maneno ya mama yangu mwenye akili zake. Ilishaingia. Hata nikijua sasa, haitoki."

"Nisamehe, Dada."

"Nimekusamehe. Haisaidii."

Aliondoka asubuhi. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya kioo kirefu cha wateja, kile cha kujaribia nguo, akajitazama pua, akajitazama masikio, akageuza vidole vyake huku na huku. Kisha akabeba begi lake.

Kaka alipita wiki iliyofuata, lori likaziba njia nzima. Hakuvua hata viatu. Akamwambia Kitinda, "Futa," na Kitinda akafuta ile sauti mbele yake, kwenye simu zote na kule inakohifadhiwa, isibaki hata chembe. Kaka akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Lakini lililoingia sikioni halifutwi kwa kidole, na wote wawili walilijua. Akaingia kumwamkia mama, akatoka macho yamemwiva, akapanda lori. Mchezo hakuucheza tena. Akiulizwa alisema barabara ni mbaya, hana muda.

Ofisini mchezo ulitolewa kwa watu kama ilivyopangwa. Kitinda alimwomba mkuu wa ofisi wauache. Hakuweza kueleza vizuri. Alisema tu una kasoro.

"Nionyeshe kasoro," mkuu alisema kwa ule upole wake. "Nimeujaribu mimi, mke wangu na wanangu. Tumecheka siku nzima. Hauna kasoro hata moja."

Na kweli hakuweza kuionyesha. Watu wakaupenda. Familia zilizotengana zikawa zinacheza pamoja kutoka pande za mbali, zikaandika shukrani. Mmoja aliandika kwamba hajawahi kumsikia baba yake akicheka hivyo. Kazi ya Kitinda ikawa kuzisoma barua hizo na kurekebisha kilichoharibika, na alizisoma zote, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Nyumbani simu ya mama ilikaa kabatini imezimwa. Mama hakuiulizia. Aliketi kwenye kigoda chake dirishani, mikono mapajani, na midomo ilipotikisika hapakuwa na hadithi tena, ni vipande tu: uzi, mkate, mlango, ngoja.

Dada Mkubwa alirudi mara moja, shule zilipofungwa. Hakuja kuuliza kitu. Alimkuta mama ameota ukungu wa uchafu kichwani, kwa maana alikuwa amemkataza Kitinda kumgusa nywele, anamdhania ni mwizi. Dada akachemsha maji bila kuomba ruhusa. Akamketisha mama uani, akamzungushia taulo shingoni, akamwosha. Ajabu, mama alitulia. Alifumba macho, akaachia shingo, akawa mwepesi mikononi mwa mwanawe.

"Una mikono mizuri," alisema. "Asante, mwanangu. Mama yako yupo?"

Kitinda alikuwa mlangoni na taulo la pili. Alimwona dada yake akiwa ameinamisha kata, maji yakitiririka yote chini, hayamgusi mtu.

"Yupo," Dada Mkubwa alisema.

"Msalimie. Mwambie kalea."

Dada akachota maji mengine. Akaendelea kusuuza hata baada ya povu lote kuisha, maji yakitoka meupe kabisa. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, Kitinda akampa taulo, naye akalipokea, akamkausha mama nyuma ya masikio kama anavyokaushwa mtoto mchanga.

Alipanda basi la alasiri siku hiyohiyo. Siku hizi hupiga simu mara mojamoja kuuliza kama dawa zimekwisha na kama mgonjwa anakula. Kitinda humjibu. Mara ya kwanza alijaribu kumwambia, "Ngoja nimpe Mama simu, akusikie," lakini kule upande wa pili Dada alisema hapana, anawahi kipindi, ingawa ilikuwa Jumapili.